Turubai Juu ya Turubai: Kolaji katika Karakana ya Lee Krasner

Kolaji ni utaratibu wa sanaa ambamo msanii hubandika juu ya uso wa picha vipande vya karatasi, kitambaa, gazeti au kitu kingine chochote, ili vipande hivyo, ambavyo vilikuwa na kazi nyingine kabla ya kufika hapo, viwe sehemu ya mchoro. Katika sanaa ya Ulaya mwanzo wake huhesabiwa kuwa mwaka 1912, ambapo Pablo Picasso alibandika katika picha yake kipande cha kitambaa cha nta kilichochapwa mfano wa msuko wa kiti, na Georges Braque, miezi michache baadaye, akabandika karatasi ya ukutani iliyoigiza mbao katika mchoro wa mkaa. Wote wawili walichukua vipande vyao kutoka katika bidhaa za viwandani. Mchoraji wa Kimarekani Lee Krasner (1908–1984) alifuata njia adimu zaidi na, kwa mtu anayeithamini kazi ya mikono yake, ngumu zaidi, kwa kuwa vipande vyake vingi vilitoka katika michoro yake mwenyewe, na turubai kadhaa alizozibandikia zilikuwa picha zake ambazo tayari zilikuwa zimekamilika na kuonyeshwa hadharani.

Kisa kinachosimuliwa mara nyingi kuhusu asili ya kolaji hizo ni cha mwaka 1953. Krasner mwenyewe alieleza katika mahojiano ya baadaye kwamba kuta za chumba chake cha kuchorea huko Springs, kwenye kisiwa cha Long Island mashariki ya jiji la New York, ambako aliishi na mumewe, mchoraji Jackson Pollock, zilikuwa zimejaa michoro ya rangi nyeusi na nyeupe kuanzia sakafuni hadi darini. Siku moja aliingia, akaitazama, ikamchukiza, akaibandua na kuichana, akaiacha sakafuni na kutoka. Wiki kadhaa zilipita kabla hajarudi, na aliporudi aliona kwamba vile vipande vilivyotapakaa vilikuwa na mambo ambayo michoro mizima haikuwa nayo, akaanza kuvibandika. Hakuna sababu ya kukitilia shaka kisa hiki, lakini jinsi kinavyosimuliwa humdhulumu msanii, kwa sababu huifanya hasira ya siku moja kuwa chanzo cha sanaa yote iliyofuata, na kuyasahau mafunzo aliyokuwa nayo pamoja na miaka miwili ya kupanga, kubandua na kupanga tena, ambayo ndiyo iliyozaa picha zenyewe.

Mafunzo hayo yalianza mapema. Kuanzia mwaka 1937 Krasner alisoma katika shule ya Hans Hofmann, mchoraji wa Kijerumani aliyehamia New York, ambaye alifundisha kwamba uso wa picha ni bapa, lakini rangi na maumbo yaliyo juu yake husukumana na kuvutana, mengine yakionekana kusogea mbele na mengine kurudi nyuma, hata pale ambapo mchoraji hajachora kitu chochote kinachotambulika. Ili kulidhihirisha jambo hilo Hofmann alikuwa na tabia ya kuuchukua mchoro wa mwanafunzi, kuuchana na kuvisogeza vipande hadi mvutano uonekane, na mchoro wa Krasner ni miongoni mwa iliyopata kufanyiwa hivyo. Mwaka 1942, akiwa ameajiriwa katika mpango wa serikali ya Marekani wa kuwapatia wasanii kazi, alisimamia kikundi kilichobuni mapambo ya madirisha 19 ya maduka makubwa ya New York kwa ajili ya kutangaza mafunzo ya kazi za vita, na mapambo hayo yalitengenezwa kwa kukata na kuunganisha picha za kamera, maandishi na maumbo ya rangi. Mtu aliyeinama kuokota vipande vyake mwaka 1953 alikuwa, basi, na zaidi ya miaka 15 ya kufikiri kwa njia ya vipande.

Mwanzoni alibandika michoro iliyochanika na kupata kazi za ukubwa wa wastani, na mageuzi makubwa yalikuja alipozigeukia turubai za mwaka 1951. Turubai, katika lugha ya wachoraji, ni kitambaa kizito cha pamba au kitani kinachokazwa juu ya fremu ya mbao na kupakwa rangi ya msingi kabla ya kuchorewa. Mnamo Oktoba 1951 Krasner alionyesha turubai 14 katika nyumba ya sanaa ya Betty Parsons, New York, zikiwa picha dhahania, yaani zisizoiga sura ya kitu chochote, zilizojengwa kwa mapande mapana ya rangi tulivu yaliyopangwa wima na mlalo. Hakuna hata moja iliyouzwa, zote zikarudi Springs. Mchoraji aliyefikwa na hali hiyo anaweza kuziweka stoo akisubiri zama nyingine, au kuzipaka rangi ya msingi upya na kuzifuta kabisa; Krasner hakufanya lolote kati ya hayo, bali alizitumia nyingi kama msingi wa kolaji bila kuificha picha ya zamani yote. Mapande ya wima ya mwaka 1951 yalibaki yakichungulia kati ya vipande vipya, na zaidi ya kuonekana, yaliamua mambo: kolaji nyingi za 1955 ni ndefu kuliko upana wake, na vipande vyake husimama kama mimea mirefu kwa sababu picha ya chini ilikwisha kuuweka mwelekeo huo.

Kazi ya namna hii hutegemea sana tabia za vitu vyenyewe, na ni vigumu kuzielewa picha za Krasner bila kuzijua tabia hizo. Karatasi nene ya kuchorea ikichanwa huacha ukingo mweupe wenye nyuzinyuzi, kwa kuwa wino umekaa juu tu na moyo wa karatasi haukuguswa, hivyo kipande cheusi huja tayari kimezungukwa na mstari mwembamba wa mwanga ambao hakuna brashi iliyouchora. Turubai, kama anavyojua fundi cherehani yeyote kuhusu kitambaa kilichofumwa, huchanika kwa kufuata uzi na hukataa kuchanika mshazari, kwa hiyo ukingo ulionyooka wenye nyuzi zinazoning'inia ni alama ya mkono uliochana, na ukingo wenye mzingo ni alama ya mkasi. Kipande chenye rangi ya mafuta iliyokauka huwa kigumu na rangi yake hupasuka kikikunjwa, lakini karatasi iliyopakwa gundi hulainika, hutanuka kwa unyevu na kusinyaa inapokauka, na isipokandamizwa kuanzia katikati kuelekea kingo huacha mapovu ya hewa. Tatizo jingine ni mafuta: rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja kwenye karatasi tupu, mafuta hunyonywa, na kadiri miaka inavyokwenda karatasi huwa kahawia na kukatika kwa urahisi, ndiyo maana utando wa gundi kati ya karatasi na rangi huhesabiwa kuwa kinga.

Faida ya taabu hiyo yote iko katika mstari. Katika uchoraji uliozoeleka mpaka wa umbo huchorwa kwanza, kisha rangi hujazwa ndani yake. Katika kolaji ya kuchana mpaka na rangi hutokea kwa tendo moja, na kipande kikiwekwa mahali pasipofaa kinaweza kuinuliwa, kugeuzwa juu chini na kujaribiwa kwingine kabla ya gundi kukauka, jambo ambalo rangi mbichi haikubali. Henri Matisse, ambaye Krasner alimheshimu sana, alikuwa katika miaka hiyohiyo ya mwisho wa maisha yake akikata kwa mkasi karatasi alizoagiza zipakwe rangi kwa ajili ya kukatwa tu. Kingo zake ni safi, na karatasi zake hazina historia. Kingo za Krasner ni chakavu, na kila kipande kilikuwa kimewahi kuwa sehemu ya picha nyingine iliyohukumiwa kuwa haikufaulu. Ugumu wa kumwona mchoraji akijihukumu namna hiyo ndio unaozipa picha hizi nguvu ambayo uzuri wa rangi peke yake usingeweza kuzipa.

Siku ya mchoraji wa kolaji, kwa sababu hizo, huwa kwa sehemu kubwa ni siku ya kutazama. Kipande huwekwa, hushikizwa kwa pini, mchoraji hurudi nyuma hadi ukutani na kukitazama kwa umbali, kisha hukiondoa au hukibandika na kukipaka rangi ili kiungane na jirani yake. Krasner hakuwa mtu wa kutoa picha kwa idadi maalumu. Alifanya kazi kwa vipindi, na baina ya vipindi kulikuwa na miezi mitupu aliyoikubali kuwa sehemu ya kazi. Alithamini mwanga wa mchana kiasi kwamba, baada ya mama yake kufariki mwaka 1959 na usingizi kumtoroka, akalazimika kuchora usiku, aliziacha rangi zote kali na kubaki na kahawia, nyeusi na nyeupe, kwa kuwa hakupenda kuamua juu ya rangi chini ya taa ya umeme.

Katika baadhi ya kolaji za 1955 vipande vilitoka kwa mtu mwingine pia. *Bald Eagle*, yenye kimo cha karibu sentimita 196 na upana wa sentimita 131, ina vipande vya turubai alizozitupa Pollock, vyenye michirizi yake myeusi inayotambulika mara moja, na wapo wahakiki walioutumia ukweli huo kumsoma Krasner kama mke aliyeishi kwa masalia ya mumewe. Picha yenyewe haikubaliani nao. Michirizi ya Pollock katika turubai zake hupita bila mwanzo wala mwisho, huku hapa ikiwa imekatwa, imefungiwa ndani ya maumbo yenye mipaka na kulazimishwa kuitikia mapande ya rangi yaliyo jirani; mwenye amri juu ya uso huo ni Krasner. Kolaji hizo zilionyeshwa mwaka huohuo wa 1955 katika Stable Gallery, nyumba ya sanaa ya New York iliyokuwa ndani ya jengo la zamani la kufugia farasi.

Pollock alifariki katika ajali ya gari Agosti 1956, na mwaka uliofuata Krasner alihamia katika ghala alilokuwa akichorea mumewe, ambamo kuta kubwa zilimruhusu kuchora turubai kubwa kwa rangi pekee. Kolaji ilirejea kwa uzito katika miaka ya 1970, baada ya Bryan Robertson, msimamizi wa maonyesho kutoka Uingereza, kuikuta katika ghala hilo michoro ya mkaa ambayo Krasner aliichora shuleni kwa Hofmann kati ya miaka 1937 na 1940. Safari hii hakukuwa na hasira yoyote. Aliipitia michoro, akaichagua michache ya kuhifadhiwa mizima, na iliyobaki akaikata kwa mkasi, kwa kingo kali zilizonyooka au kupinda kwa makusudi, akaibandika kwenye turubai zilizoachwa wazi sehemu kubwa. Kwa kuwa mkaa haukuwa umepuliziwa dawa ya kuushikilia, karatasi zilizolaliana kwa miongo mitatu na zaidi zilikuwa zimeachiana vivuli vyao, na Krasner aliviingiza vivuli hivyo ndani ya kolaji pamoja na michoro iliyovizaa. Kazi 11 za mfululizo huo zilionyeshwa New York mwaka 1977, zikiwa zimepewa majina ya hali na nyakati za vitenzi. Mojawapo, *Imperative* ya 1976, imo katika Jumba la Taifa la Sanaa huko Washington.

Inafaa kumtaja hapa Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972 na kupata shahada yake ya kwanza mwaka 1996 katika Cooper Union ya New York, chuo ambacho Krasner naye alikisoma katika miaka ya 1920. Kolaji za Mutu huchukua picha za magazeti ya mitindo na kurasa za vitabu vya zamani vya tiba, na kwa njia hiyo huyahoji macho ya watu wengine juu ya mwili wa mwanamke Mwafrika. Kolaji za Krasner huyahoji macho ya mchoraji mwenyewe juu ya kazi yake ya jana. Chombo ni kilekile, lakini mshtakiwa amebadilika.

Kwa majumba ya makumbusho picha hizi za Krasner zina ugumu wa kudumu. Lebo iliyo kando ya *Milkweed*, iliyoko Buffalo, huandika mwaka mmoja tu, 1955, na kutaja rangi ya mafuta, karatasi na turubai juu ya turubai. Karatasi na kitambaa hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti hali ya hewa inapobadilika, kwa hiyo wahifadhi hulazimika kuudhibiti unyevu wa chumba ili tabaka za juu zisiinuke kutoka kwenye za chini, hata kama mtafiti angependa sana kuona kilichofunikwa. Kuirudisha picha yoyote ya 1951 iliyofunikwa kungehitaji kuibomoa ile ya 1955, na Krasner alikwisha kuamua ipi ibaki.