Reli za milango ya ghala: ipi inafaa Tororo, na itunzwe vipi

Mlango wa ghala ukikwama jioni, mzigo hulala bila kufungiwa. Tororo, mji wenye kiwanda cha saruji na mahindi yanayosubiri kuvushwa Malaba au Busia, tatizo hilo mara nyingi huanzia kwenye reli ya mlango.

Milango ya kusukuma ni ya aina mbili: inayotembea kwenye reli ya sakafuni, na inayoning'inia kwenye reli ya juu. Reli ya sakafuni haitegemei nguvu ya ukuta, lakini hujaa punje na vumbi, na ikikanyagwa na malori hupinda. Vumbi la saruji likilowa mvua huganda humo kama jiwe. Kwa ghala la nafaka au saruji, reli ya juu ni bora, mradi linta iwe ya zege lenye nondo na iweze kubeba uzito wa mlango.

Matunzo yake si magumu:

- Reli ya chini ifagiliwe kila siku kabla ya kufunga.
- Grisi iwekwe kwenye beringi za magurudumu tu. Ikipakwa ndani ya reli hunasa vumbi.
- Kila mwezi nati zikazwe na vizuizi vya mwisho wa reli vikaguliwe. Kizuizi kikikatika, mlango hutoka na unaweza kumwangukia mpakiaji.
- Mlango ukiwa mzito usisukumwe kwa lori. Beringi iliyokufa ibadilishwe.

Mlango uliokwisha kutoka relini uegemezwe kwa magogo, watu wakae mbali, na aitwe fundi.