Mafuta ya Taa Yakimwagikia Sufuria

Mafuta ya taa yakimwagikia vyombo vya kupikia, chombo huokoka au kuharibika kutegemea kimetengenezwa kwa nini. Katika misitu ya miombo ya Tabora na Sikonge ajali hii haiwashangazi warina asali. Huenda kambini kwa baiskeli, na keria moja hubeba unga, sufuria, ndoo za asali na kidumu cha mafuta ya jiko la mchina na kibatari. Kifuniko kikilegea korongoni, kila kitu hulowa.

Kusuuza kwa maji matupu ni kazi bure. Mafuta ya taa ni haidrokaboni, nyingi zikiwa na atomi 10 hadi 16 za kaboni, na huchemka kati ya nyuzi 150 na 300 hivi za Selsiasi, kwa hiyo hata maji yanayotokota hayayafukuzi upesi. Molekuli za maji zina chaji pande zake na huvutana zenyewe kwa zenyewe. Mafuta hayana chaji hiyo, basi husukumwa pembeni, yakaelea au kubaki yameng'ang'ania bati. Sabuni ndiyo inayopatanisha. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu wa kaboni unaofanana na mafuta yenyewe. Mikia huzama ndani ya tone, vichwa hubaki nje, na ukisugua tone humeguka kuwa vitone vidogo mno. Vichwa hivyo vina chaji hasi, kwa hiyo vitone hufukuzana, haviungani tena, na maji huvibeba.

Hapo ndipo wanaosifia jivu wanapokosea. Magadi ya jivu hugeuza mafuta ya kula kuwa sabuni, lakini mafuta ya taa hayageuki, kwa kuwa si mafuta ya aina hiyo. Jivu linakwangua tu, na magadi yake yanakula alumini. Kuichoma sufuria ili harufu iishe ni kucheza na moto, hasa kama muuzaji amechanganya petroli.

Ndoo ya plastiki haina dawa. Plastiki ni minyororo mirefu ya kaboni, na mafuta hupenya katikati yake, kisha huvuja polepole kwenye asali. Nta nayo huyafyonza, na masega yaliyonuka hayauziki. Mwiko wa mti na chungu hunywa mafuta kwenye vinyweleo.

Kwa hiyo: sufuria ifutwe kwa kitambaa, iachwe uwazini mbali na moto, ioshwe kwa maji ya moto, sabuni na dodoki mara mbili au tatu mpaka harufu iishe. Ndoo zitumike kwa kazi nyingine isiyo ya chakula. Mwiko, chungu na unga uliolowa vitupwe.

Wapo wanaouza mafuta ya taa kama dawa ya minyoo. Ni upuuzi wa hatari: mafuta haya ni mepesi kiasi cha kuteleza hadi mapafuni, yakaleta nimonia ya kemikali. Aliyeyanywa asitapishwe wala asinyweshwe maziwa, maana kutapika huyapitisha kooni mara ya pili. Apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama bado hajaanza kukohoa.