Je, Wajua? Septemba, ndege ndio ramani ya mvuvi

Huko Montauk, ncha ya mashariki ya Long Island nchini Marekani, maji huanza kupoa Septemba na makundi ya vidagaa hutoka kwenye hori kuelekea bahari kuu. Nyuma yao huja walaji. Mwenye boti ndogo hutazama juu kwanza: shakwe wakijitupa majini mahali pamoja, chini yao kuna samaki wakubwa wanaosukuma vidagaa juu. Kuvamia kundi kwa mashine ni kuwafukuza. Mjuzi hukaa upande unakotoka upepo, huzima mashine, akaacha boti ielee taratibu kuwafuata.

Anayesakwa zaidi ni besi mwenye mistari myeusi ubavuni, ambao wengi wao huzaliwa ghuba ya Chesapeake na mto Hudson. Tangu 2023, mvuvi wa burudani baharini huko anaruhusiwa kubaki na mmoja tu kwa siku, mwenye urefu wa sentimita 71 hadi 79. Aliyezidi hapo hurudishwa, maana majike wakubwa ndio wenye mayai mengi.

Kisha kuna jamaa wa jodari, mwenye madoa machache chini ya pezi la kifuani. Hana kibofu cha hewa, hivyo akiacha kuogelea huzama. Nyama yake ni nyekundu yenye damu nyingi, na wavuvi wengi wa huko humwachia aende zake. Pwani yetu angekuwa keshapakwa nazi.