Tabibu Huggins na Maradhi Yanayofichwa na Wazee

Katika mitaa ya Bujumbura, kuanzia Buyenzi hadi Kamenge, wako wazee waamkao usiku mara nne au tano kwenda haja ndogo, nao hawamwambii mtu. Husema ni uzee tu. Mara nyingi ni kweli, kwa maana tezi dume huvimba kadiri umri unavyosogea; lakini pengine huwa ni saratani. Kwa hiyo tumeona inafaa kuwaeleza wasomaji wetu habari za tabibu aliyeyafanyia maradhi hayo utafiti mkubwa.

Charles Huggins alizaliwa mwaka 1901 mjini Halifax, nchini Kanada. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1924, akajifunza upasuaji Michigan, na mwaka 1927 akaingia Chuo Kikuu cha Chicago. Huko alikabidhiwa magonjwa ya njia ya mkojo, fani ambayo hakuwa bingwa wake. Alifungua vitabu, akajifunza.

Alichunguza mbwa, mnyama ambaye tezi yake huvimba uzeeni kama ya mwanadamu. Akaona kwamba mbwa akihasiwa tezi husinyaa, na akipewa homoni ya kiume hukua tena. Mwaka 1941, yeye na mwenzake Clarence Hodges walitangaza kuwa saratani ya tezi dume nayo huitegemea homoni hiyo: ikiondolewa, uvimbe hunywea na maumivu ya mifupa hupungua. Hivyo ilidhihirika kwamba saratani yaweza kutawaliwa na kemikali za mwili wenyewe. Kwa ugunduzi huo Huggins alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, pamoja na Peyton Rous. Alifariki mwaka 1997.

Vijana wanaosomea udaktari hapa Kamenge wazingatie jambo hili: kazi aliyopangiwa mtu, asiyoichagua mwenyewe, yaweza kuzaa matunda akiishika kwa nidhamu.

Njia ya Huggins ingali ikitumika hadi leo, kwa upasuaji au kwa sindano. Hata hivyo, huizuia saratani iliyokwisha kuenea, haiing'oi. Ya kung'olewa ni ile iliyogunduliwa mapema, nayo mara nyingi haina dalili yoyote. Basi mzee aliyetimiza miaka 50, hasa ambaye baba au ndugu yake aliugua, hana budi kumwuliza daktari juu ya kipimo cha damu. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua.