Almasi ya Mwadui na Jicho la Mthamini

Mkulima wa Pemba apelekapo karafuu zake kituoni, huiona mizani kwa macho yake mwenyewe, na bei ameisikia kabla hajaondoka nyumbani. Almasi haina mizani ya namna hiyo. Thamani yake imo katika jicho la mthamini, na kwa hivyo twaona yafaa wasomaji wetu waelewe itokako na jinsi ipatikanavyo.

Almasi ni kaboni, ndugu wa makaa, iliyoshindiliwa kwa joto na uzito mkubwa katika kina cha zaidi ya kilomita 150 chini ya ardhi. Miamba ya volkano iitwayo kimberlaiti ndiyo iliyoipandisha juu. Huko Mwadui, mkoani Shinyanga, mwamba huo umeenea karibu hektari 146, nao ni miongoni mwa mikubwa kabisa iliyopata kuchimbwa duniani. Aliyeugundua, mwaka 1940, ni John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada.

Kuipata si kazi ndogo. Mwamba huchimbwa katika shimo la wazi, husagwa na kuoshwa, kisha mawe mazito hutengwa na mepesi. Almasi hukataa maji ikanata kwenye grisi, na imulikwapo kwa eksirei hung'aa. Kwa tabia hizo hutambulikana katikati ya changarawe. Katika tani 100 za mwamba wa Mwadui hupatikana karati 6 hivi, yaani uzito uzidio gramu moja kwa kidogo tu. Mali ya kadiri hiyo hufichika kiganjani.

Umiliki wake nao umepita mikono mingi. Williamson alipofariki mwaka 1958, mgodi uligawanywa nusu kwa nusu baina ya De Beers na Serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Katika miaka ya 1970 Taifa lilikuwa limeuchukua wote. Mwaka 1994 asilimia 75 zikarejea kwa De Beers, na baadaye zikauzwa kwa wengine. Mkataba wa mwaka 2021 ulikubali hisa za Serikali zipande kutoka asilimia 25 hadi 37.

Twaipongeza hatua hiyo, lakini hisa peke yake hazilindi mali. Mwaka 2017 Serikali ilizuia almasi katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, ikisema thamani iliyoandikwa ni pungufu, kampuni ikakana. Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka, na nyumba na mashamba ya wanavijiji yakafunikwa.

Basi twawakumbusha watendaji wa Serikali mambo mawili. Kwanza, wathamini wetu wawe na ujuzi ulio sawa na ule wa mnunuzi, na hesabu zao zisomwe hadharani. Pili, mwanakijiji aishiye kando ya shimo ahesabiwe kabla ya karati. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.