Mguu Ukilegea Ghafla, Shida Inaweza Kuwa Kichwani

Umewahi kuruka kwa mathree ikiwa bado inasonga, ukatua fiti bila hata kufikiria? Usisifu miguu peke yake. Hiyo kazi imeanzia kichwani.

Kwenye ganda la ubongo kuna ramani ya mwili wako. Daktari Wilder Penfield wa Montreal, Kanada, aliichora akigusa ubongo wa wagonjwa na stima kidogo wakiwa macho. Yeye na Edwin Boldrey wakaichapisha 1937. Miguu iko pale utosini, ikishukia kwenye mfereji unaogawa ubongo mara mbili. Na licha ya urefu wake, imepewa ploti ndogo kuliko mikono na mdomo, kwa sababu hizo ndizo hufanya kazi laini.

Sasa shika hii: waya zinapishana. Ubongo wa kushoto ndio dere wa mguu wa kulia. Amri inashuka na uti wa mgongo, ambao unasaidia kushika mdundo wa hatua, huku ubongo wa nyuma ukichunga balansi. Ndio maana unatembea ukichati na huanguki.

Noma ni hii: damu ikikatika kwa hiyo ploti, mguu mmoja unaweza kulegea ghafla na hujaumia popote. Hiyo inaweza kuwa stroki, na hata vijana hupata. Usiseme ulilala vibaya, usiende kukandwa, usingoje kesho. Ita mtu akukimbize hospitali saa hiyo hiyo. Kila dakika ukingoja, seli za ubongo zinakufa.