Filamu Iliyomsahau Msimulizi

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha insha ya fasihi ambamo mtahiniwa amesimulia kila tukio, majina yote ya wahusika ni sahihi, lakini alama ulizompa ni chache mno. Filamu ya Love in the Time of Cholera iliyoelekezwa na Mike Newell na kutolewa mwaka wa 2007 ni insha ya aina hiyo.

Filamu hii imetokana na riwaya ya Gabriel García Márquez wa Kolombia, iliyochapishwa kwa Kihispania mwaka wa 1985. Waigizaji wake ni watajika: Javier Bardem wa Uhispania, Giovanna Mezzogiorno wa Italia, Fernanda Montenegro wa Brazili na Benjamin Bratt wa Marekani, miongoni mwa wengine. Hata hivyo, wahakiki wengi waliikosoa vikali.

Msuko ni huu. Florentino Ariza anampenda Fermina Daza wangali vijana. Fermina anamkataa hatimaye na kuolewa na Daktari Juvenal Urbino. Florentino anangoja kwa miaka 51, miezi 9 na siku 4, hadi daktari anapoanguka na kufa akijaribu kumkamata kasuku mtini. Hayo yote yamo katika filamu, hata mbinu rejeshi imehifadhiwa.

Kilichokosekana ni msimulizi. Riwayani tunaongozwa na msimulizi wa nafsi ya tatu anayejua yote, na mwenye ucheshi wa chinichini. Anatufahamisha kwamba Florentino ameorodhesha daftarini mahusiano 622, kisha anamwacha amwambie Fermina kwamba hajawahi kumjua mwanamke mwingine. Msimulizi hamhukumu. Anaiweka ile idadi kando ya yale maneno, nawe unakiona kinaya. Kamera haina sauti hiyo. Inatuonyesha mwanamke mmoja, kisha mwingine, na kinaya kinageuka kuwa kichekesho cha chumbani.

Suala hili ni zito kuliko linavyoonekana. Katika riwaya, mmoja wa wapenzi hao ni América Vicuña, msichana wa miaka 14 ambaye Florentino amekabidhiwa awe mlezi wake. Anamdhulumu, na msichana huyo anajiua. Msomaji makini hawezi tena kumwita Florentino mpenzi mwaminifu bila kusita. Katika filamu América anaigizwa na mwanamke mzima, na doa hilo karibu halionekani. Mtahiniwa anayeijua hadithi kupitia filamu pekee atamsifu Florentino kwa subira yake, na atakuwa amepotoka.

Wingi wa wahusika nao umeleta tatizo. Wanawake kadhaa wanapewa dakika chache tu kila mmoja, hivyo wanabaki wahusika bapa. Isitoshe, Florentino kijana ameigizwa na Unax Ugalde kabla ya Bardem kuchukua nafasi, ilhali Mezzogiorno anaigiza Fermina tangu usichana hadi uzeeni. Mtazamaji anaduwaa: mmoja kabadilika sura, mwenzake kabaki vilevile!

Halafu kuna lugha. Wahusika wanazungumza Kiingereza chenye lafudhi ya Kihispania, ingawa wako kwao Kolombia. Neno cólera katika Kihispania humaanisha kipindupindu na pia ghadhabu. Kiingereza kimebakiza ugonjwa tu. Anayefundisha tamathali atatambua hasara hiyo mara moja.

Zoezi la darasani basi. Chagua ukurasa wa hadithi fupi au riwaya unaposikika msimulizi akitoa kauli yake mwenyewe. (Tamthilia haifai hapa, kwani huendeshwa kwa mazungumzo na maelekezo ya jukwaani.) Waambie wanafunzi wafute kauli zote za msimulizi, wabakize matendo na mazungumzo pekee. Kisha waulize: je, maoni yao kumhusu mhusika mkuu yamebadilika? Ni kauli gani hasa iliyoyabeba? Nawe mtahiniwa, jibu hilo ndilo unaloulizwa unapotakiwa ueleze mbinu, wala si kurejelea kisa.